Pamba na Mkasi wa Mama

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Sindano alikuwa na kazi moja: kuokota pini. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana. Humo mlikuwa na vyerehani viwili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na vitambaa vilivyokunjwa na kupangwa karibu kufika dari. Sindano alichukua sumaku iliyofungwa kwenye kamba, akaiburuta sakafuni, na pini zikadandia moja moja. Pini zikiisha, alifagia vipande vya vitambaa na kuvitia guniani. Chakula kilikuja baada ya hapo, si kabla.

Watu walimwita Sindano kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wembamba wake, ya pili ni ulimi wake. Bibi yake, ambaye kutwa nzima alikaa pembeni akishona vifungo, ndiye aliyempa jina hilo, na hakuwahi kujuta.

Karakana ile ilikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilizizidi zote. Ukutani, kwenye msumari wake peke yake, ulining'inia mkasi mkubwa mweusi wa kukatia vitambaa. Mkasi ule haukukata kitu kingine. Si karatasi, si kamba, si kucha.

"Hata uzi wa gunia?" Sindano aliwahi kuuliza.

"Hata unywele wako mmoja," mama yake akajibu. "Mkasi wa kitambaa ukifundishwa kazi nyingine, unasahau ya kwanza."

Jioni moja Sindano akiwa bado na sumaku mkononi, alisikia kelele za watoto nje. Akachungulia dirishani. Alijua atakachokiona, na bado alichungulia.

Mashavu alikuwa akipita na mbwa wake.

Mashavu alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Walikuwa darasa moja, na tangu wadogo walikuwa chanda na pete. Baba yake aliuza rangi za nyumba. Miezi minne iliyopita, shangazi yake alihamia jengo lisiloruhusu wanyama, akamwachia mbwa wake. Mbwa huyo aliitwa Pamba. Ungemtia kwenye ndoo, angeenea na nafasi ingebaki. Manyoya yake meupe yalishuka mpaka ardhini, hata ukashindwa kujua kama anatembea au anateleza. Kichwani yalifungwa kwa utepe mwekundu yasimwingie machoni.

"Naomba nimshike!" watoto walipiga kelele. "Mashavu, jana uliniahidi mimi!"

Kabla ya Pamba kufika, kelele zile zilikuwa za Sindano. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kuruka kamba mtaa mzima. Aliruka mbele, akaruka nyuma, akaruka kwa mguu mmoja, na watoto wakahesabu hadi sauti zikawakauka. Siku hizi akitoka na kamba, wa kuishika upande wa pili hapatikani mpaka Pamba aingizwe ndani. Wote wako kwa Pamba.

"Pini ziko sakafuni, mwenzangu," Bibi alisema bila kuinua macho. "Dirishani hakuna pini."

"Nilikuwa naangalia mawingu, Bibi."

"Ehee. Na hayo mawingu yana mkia?"

Sindano akainama, akaburuta sumaku. Kijicho kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakiendi chini, hakirudi juu.

Kesho yake shuleni, wasichana walikaa kwenye ngazi wakimsifu Pamba. Mmoja alisema macho yake ni kama shanga. Mwingine alisema ananukia kuliko mwalimu wa muziki. Sindano akashindwa kuvumilia.

"Mbwa gani yule? Mimi nilidhani ni kifutio cha ubao kimeota miguu."

Wasichana wakacheka sana. Mashavu alicheka kidogo tu.

"Sindano, una wivu wewe."

"Mimi? Nikuonee wivu kwa kifutio?"

Mdomo ulikana, moyo ukakiri. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba kila siku saa kumi na moja, mchezo ukiwa umekolea, Mashavu aliinuka na kusema, "Naenda kumchana Pamba." Kila siku! Sindano aliona ni maringo matupu. Nani asiyejua kwamba una mbwa? Kuna haja gani ya kutangaza?

Basi Ijumaa moja, babu yake Mashavu akaugua. Wazazi walitaka kusafiri kumwona, siku nane kwenda na kurudi, na basi halipakii mbwa. Jumamosi asubuhi Mashavu akafika karakana na Pamba kwapani, na kapu mkononi.

"Shikamoo mama. Shikamoo bibi." Kisha akamgeukia mwenzake. "Sindano, ninakuomba. Sina mwingine wa kumwamini."

Moyo wa Sindano ukaruka, lakini uso aliukaza. "Naweza kukaa naye. Kwani ni nini?"

Mashavu akatoa vitu kimoja kimoja: chanuo la meno ya chuma, pamba ya kufutia macho, sabuni yake maalumu, bakuli, na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili.

"Umchane kila siku, mpaka ndani kwenye ngozi, si juu juu. Macho umfute asubuhi na jioni. Usimwoshe kabla ya kumchana. Usimpe mifupa. Mchana jua likiwa kali asitoke, hapumui vizuri. Na Sindano, ukiruka siku moja, kesho yake utalia wewe na yeye."

"Karatasi yote hii ya mbwa mmoja? Sisi nyumba hii tunashona sare za shule nzima!"

Mama aliweka chaki yake mezani. "Sindano, nisikilize. Wiki hii ninakata sketi za kwaya ya shule yenu. Sitaki kuona unyoya kwenye kitambaa cha mteja. Na mbwa huyu umempokea wewe, mimi sikumpokea, wala bibi yako."

"Mimi nimempokea kidogo," alisema Bibi. "Ni mzee mwenzangu, tazama ndevu."

Siku ya kwanza Sindano alifuata karatasi kama askari. Alimkalisha Pamba uani, akaanza kuchana. Akichana mguu, Pamba anaketi. Akichana mgongo, Pamba analala chali. Akigusa masikio, Pamba anang'ata chanuo. Saa nzima ilipita, na upande wa kushoto ulikuwa bado. Mgongo wa Sindano uliuma kama wa mvuna mpunga.

"Kumbe!" alijisemea. Lakini hakutaka kumaliza wazo hilo, maana lingemfikisha mahali asipopataka.

Jumapili alichana tena. Jumatatu alitoka na Pamba barabarani. Lo! Watoto walikuja mbio. "Sindano, naomba nimshike! Sindano, mimi kwanza!" Alitembea polepole, shingo ndefu, akasimama kila kona hata pasipo na sababu. Walimpeleka Pamba kwenye lundo la mchanga palipokuwa panajengwa nyumba, wakamwacha apande na kuteremka, wakacheka hadi machozi. Saa kumi na moja ilipofika, Sindano aliikumbuka. Akaitazama karatasi moyoni mwake, akaikunja.

"Siku moja haiui," alisema.

Jumanne nayo ilikuwa siku moja. Jumatano vilevile. Ajabu ya uvivu ni kwamba hauji kwa jina lake. Kila asubuhi Sindano alifunga utepe mwekundu vizuri, akapitisha chanuo juu juu, na Pamba akaonekana maridadi. Nje alipendeza. Ndani, chini ya tumbo na makwapani, manyoya yalikuwa yanajisokota na mchanga wake, fundo kwa fundo.

Alhamisi Pamba alianza kunuka. Alijikuna kutwa. Jicho la kulia lilijaa tongotongo, akawa analifumba. Sindano akaona dawa ni kumwosha. Sabuni ya Mashavu ilikuwa imebaki kidogo, hivyo akatumia ya kufulia. Maji yalipokauka, yale mafundo yalikuwa yamekaza kama sufi ya godoro kuukuu. Alipojaribu kuchana, Pamba alilia kwa sauti nyembamba, akakimbilia chini ya kitanda, akakataa kutoka.

Sindano alilala kifudifudi sakafuni akimtazama. Jumapili Mashavu anarudi. Alijiona amesimama mlangoni, na Mashavu akiingiza vidole ndani ya manyoya yale.

Ijumaa alasiri Mama alikwenda kununua zipu za sketi. Bibi alisinzia na kifungo mkononi. Sindano alijaribu mkasi mdogo wa nyuzi, ukagoma kwenye fundo la kwanza. Akainua macho ukutani.

Mkasi mweusi ulikuwa kwenye msumari wake.

"Kidogo tu," alinong'ona. "Nitaufuta."

Akambeba Pamba uani. Fundo la kwanza lilikatika kwa mlio wa kukwaruza, kama mtu anayetafuna changarawe. La pili likakatika. La tatu pia. Sindano akapata moyo. Akamwinua mguu wa mbele, akalishika fundo la kwapani, lililokuwa kubwa kuliko yote, akalivuta, akabana mkasi.

Ngozi ya mbwa ni nyembamba. Ukivuta fundo, nayo inakuja. Sindano hakulijua hilo mpaka Pamba alipopiga ukelele, na manyoya meupe yakageuka mekundu mkononi mwake.

Aliuachia mkasi ukaanguka. Akararua kipande cha kitambaa guniani, akafunga kidonda, huku Pamba akimtazama kwa jicho moja. Hakumng'ata. Angemng'ata, huenda Sindano angejisikia nafuu. Akaufuta mkasi haraka, akaurudisha msumarini. Manyoya akayafukia chini kabisa ya gunia la vipande.

Bibi alipoamka aliona kitambaa. "Mwenzangu, mgonjwa wetu ana nini?"

"Alijikwaruza kwenye waya wa uzio, Bibi."

Bibi alikitazama kitambaa. "Hm. Waya siku hizi zinafunga na bandeji," alisema, akarudi kwenye vifungo vyake.

Jumamosi asubuhi Mama alitandika kitambaa cha buluu mezani, akachora kwa chaki, akauchukua mkasi. Sindano alikuwa anafagia. Alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwenye meza ile. Badala ya kukata, mkasi ulitafuna. Kitambaa kikajikunja katikati ya meno, kikachanika, ukingo ukabaki na meno meno kama jani lililoliwa na kiwavi.

Mama alisimama. Akaufungua mkasi, akausogeza dirishani penye mwanga. Kwa ncha ya pini akachokonoa pale kwenye parafujo, panapokutana pande mbili. Akatoa kitu, akakilaza juu ya kitambaa cha buluu, polepole. Ulikuwa unyoya mweupe, na chembe tatu za mchanga.

"Uzi huu," alisema Mama, "mimi sijawahi kuununua."

Sindano alishika ufagio kwa mikono miwili. Uongo ulimjia, tena tayari tayari, una kichwa na miguu. Lakini chini ya meza Pamba alijikuna, akalia.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Sikumchana. Siku nne. Nilimtembeza tu ili watu waone. Halafu nikakata, nikamkata na yeye. Si waya. Ni mimi." Akaanza kulia. "Mkasi wako nimeuua!"

Alisubiri kofi, au maneno ambayo ni zaidi ya kofi. Mama alikuwa tayari amejifunga kanga kiunoni na kumwinua Pamba kutoka chini ya meza.

"Mkasi utanolewa," alisema. "Jicho halinolewi. Lete kapu."

Daktari wa mifugo alikuwa na chumba chake nyuma ya duka la vyakula vya kuku. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye mikono kama makasia. Alimweka Pamba mezani, akamtazama Sindano juu ya miwani.

"Mimi nimezoea kuzalisha ng'ombe," alisema. "Hiki ni kitu cha kushika kwa vidole viwili. Nani alimkata?"

"Mimi, daktari. Shikamoo."

"Marahaba. Wengi huniletea mbwa na kusingizia waya. Waya za mji huu zina dhambi nyingi." Alilifungua jicho la Pamba taratibu, akatikisa kichwa. "Mmewahi. Mngekaa siku mbili, jicho hili lingekuwa habari nyingine."

Akachukua mashine ya kunyolea. Sindano akaambiwa amshike Pamba kichwa, na asiangalie pembeni. Manyoya yalitoka kwa pamoja, kama zulia. Chini yake Sindano akaona ngozi ya waridi yenye mabaka mekundu, mengine yakitoa maji.

"Mbwa wa kawaida hupukutisha manyoya yake," daktari alieleza akiendelea kunyoa. "Huyu manyoya yake hayakomi kukua, kama nywele zako. Asipochanwa yanajisokota. Yakijisokota hewa haipiti. Wewe ni mtoto wa fundi, unajua nguo mbichi ukiikunja ukaisahau inakuwaje?"

"Inaota ukungu, daktari."

"Basi. Alikuwa amevaa nguo mbichi siku nne, na hana mikono ya kuivua."

Alishona kidonda cha kwapani kwa mishono miwili, Mama akisogea kutazama.

"Vipi fundi, mshono wangu unauonaje?"

"Umenyooka," Mama alisema. "Lakini uzi umeuacha mrefu."

Daktari alicheka hadi miwani ikateleza puani. Kisha akatoa dawa ya matone ya jicho na ya kupaka. Matone mara tatu kwa siku, kwa siku kumi. Pamba aliposhushwa chini alikuwa kama panya aliyetoka mtoni. Masikio makubwa, miguu kama vijiti. Huyu ndiye aliyemnyima Sindano usingizi miezi minne?

Jumapili alasiri basi lilirudi. Mama alimwambia Sindano, "Nitasimama nyuma yako. Maneno ni yako."

Mashavu alikuja mbio, vumbi la safari bado usoni, mkono mmoja nyuma ya mgongo. "Babu hajambo! Pamba yuko wapi? Sindano, nimekuletea kitu!"

Sindano alisimama mlangoni akaziba njia. "Ngoja. Usimwone kabla sijakwambia." Akasema yote, tangu lundo la mchanga mpaka mkasi. Hakuruka kitu, hata kifutio cha ubao alikitaja. "Nilikuwa na wivu," alimalizia. "Nilitaka waniite mimi."

Mashavu alimsogeza pembeni. Akapita, akamkuta Pamba kapuni, akapiga magoti. Pamba alitikisa mkia uliobaki kama mswaki. Mashavu alimchukua, akamfunika na sweta yake, akatoka huku machozi yanamchuruzika. Alichokuwa amekificha nyuma ya mgongo kilimdondoka kizingitini, wala hakugeuka.

Sindano alikiokota. Ilikuwa kamba mpya ya kuruka, yenye mishikio ya mbao iliyopakwa rangi.

Usiku ule hakula. Kesho yake asubuhi, kabla ya shule, alibisha nyumba ya tatu. Mama yake Mashavu alifungua mlango.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumtia Pamba dawa. Daktari alisema mara tatu, na zamu hizo ni zangu."

Mama Mashavu alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mikononi una mkasi?"

"Sina, mama."

"Ingia."

Siku ya kwanza Mashavu alimshika Pamba bila kusema neno. Siku ya pili alisema, "Inua kidogo." Siku ya tatu Pamba alipiga chafya, tone likamwingia Sindano puani, na wote wawili wakacheka kabla hawajakumbuka kwamba wamenuniana.

"Ile kamba," Mashavu alisema hatimaye, macho yakiwa chini. "Nilitaka unifundishe. Tangu Pamba aje sijaruka hata mara moja. Nyinyi mnaruka, mimi nachana. Nikisikia mnahesabu, mia na kumi, mia na kumi na moja, natamani kuvunja chanuo. Nilikuwa nakuonea wivu, Sindano, wewe na nafasi yako."

Sindano alikiweka chini kichupa cha dawa. "Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Ningesema nina mbwa mzuri, nihurumieni?"

Siku ya kumi daktari alilitazama jicho, akasema limepona. Akamshauri Mama Mashavu amwache Pamba na manyoya mafupi, anyolewe kila baada ya wiki sita. Shangazi alipenda marefu, lakini sasa shangazi siye aliyekuwa akichana. Sasa kuchana kulichukua muda wa kuchemsha chai, na walichana wawili. Watoto wa mtaani walipojua kisa chote, hawakumwita tena Sindano. Walimwita Kinyozi. Aliuma meno wiki moja, kisha akazoea.

Jumamosi iliyofuata Mama alimaliza sketi za kwaya. Ishirini na nne zilining'inia kwenye kamba, buluu tupu, zimepigwa pasi, ungedhani zimezaliwa hivyo. Mama akatoa moja, akampa binti yake, naye mwanakwaya, aijaribu. Ilimkaa vizuri mno.

"Nzuri kuliko zote, Mama!"

"Ivue, uigeuze ndani nje."

Sindano akaigeuza. Ndani, chini kwenye pindo, aliuona ukingo uliotafunwa, umekunjwa mara mbili na kushonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo, tena mwingi. Akaupapasa kwa kidole. Hakuhitaji kuambiwa ni kipande kipi.

"Hilo pindo lilinichukua jioni mbili," Mama alisema. "Anayekuona barabarani hatalijua. Ataona sketi, ataitamani. Ndivyo ulivyomwona Pamba. Uliona manyoya, hukuliona chanuo. Sasa nisikilize mwanangu. Siku ukitamani cha mwenzio, kabla roho haijakuuma, kigeuze kwanza uone ndani kina mishono mingapi. Ukiona unaiweza, fanya kazi upate chako. Ukiona huiwezi, mwache mwenyewe na chake, na kama una mkono, msaidie. Na ukishapokea kazi ya mtu, ifanye hata pale ambapo hakuna anayekuona, maana uchafu unaanzia huko."

"Wazee walisema, usione vyaelea, vimeundwa," Bibi aliongeza, akikata uzi kwa jino. "Sisi mafundi tunasema, usione vyavaliwa."

"Vimeshonwa," Sindano alijibu.

"Haya. Hata Kinyozi ana akili."

Sindano aliitundika sketi yake pamoja na zile nyingine. Akaushika ule mkasi mweusi kwa macho tu, umenolewa, unameremeta, uko kwenye msumari wake. Kisha akachukua sumaku, maana pini zilikuwa bado sakafuni.

Nje mbwa alibweka, na sauti ya Mashavu ikafuata. "Kinyozi! Nimeshamchana upande mmoja, upande wa pili ni wako! Njoo na kamba!"

"Nakuja!" alijibu Sindano. "Nimalize pini kwanza!"

Akaziokota zote, mpaka ile ya mwisho chini ya cherehani, ambayo hakuna mtu angeiona.